Mstari chini ya kiungo una kazi: dhana potofu kuhusu viungo vya blogu

Wateja wanaoniletea blogu zao hapa Dar es Salaam hutofautiana kwa mengi, lakini karibu wote huanza na ombi lilelile: niondoe mistari chini ya viungo, kwa madai kwamba imepitwa na wakati na kwamba rangi inatosha. Dhana hii imenichosha, maana anayeumia ni msomaji ambaye hakuulizwa.

Ukweli ni kwamba rangi ikiachwa peke yake ni alama dhaifu. Wapo wasioweza kupambanua vyema nyekundu na kijani, na wapo wengi wenye macho mazima wanaosoma wakiwa kituoni Buguruni, jua likiwa la utosi na mwanga wa simu umepunguzwa ili chaji ifike jioni. Mwongozo wa WCAG, unaoeleza namna ya kufanya tovuti itumike na kila mtu, hata wenye ulemavu, na unaotolewa na W3C, shirika la viwango vya wavuti, hauruhusu rangi kuwa njia pekee ya kutambulisha jambo, na mbinu zake zinaeleza kwamba anayeondoa mstari ahakikishe kiungo kinatofautiana na maandishi yanayokizunguka kwa uwiano wa mwangaza usiopungua 3 kwa 1, huku kikitofautiana na mandharinyuma kwa 4.5 kwa 1. Pimeni wenyewe bluu ya kawaida ya vivinjari, yenye msimbo #0000EE: dhidi ya nyeupe inapata takriban 9.4 kwa 1, lakini dhidi ya maandishi meusi inapata 2.2 kwa 1 tu, kwa hiyo bila mstari kiungo kinamezwa na aya. Hali huwa mbaya zaidi kwa ile bluu iliyokolea sana ambayo wateja huipenda kwa sababu inaonekana ya heshima.

Ikiwa kero ni mstari kubana mikia ya herufi, na Kiswahili kimejaa g, j na y, dawa ni kuusogeza chini kwa amri za CSS, lugha ya kupanga mwonekano wa kurasa: `text-underline-offset: 0.2em` na kuupunguza unene kwa `text-decoration-thickness: 1px`. Mimi huanza na vipimo hivyo kila mara, na sijaona aya isiyopendeza kwa sababu yake. Amri ya `text-decoration: none`, inayoondoa mstari, ibaki kwa menyu, ambako mahali penyewe panatosha kumjulisha msomaji kwamba pale panabofywa.

Wanaojitetea kwamba mstari utatokea kishale cha kipanya kikipita juu ya kiungo wanasahau kwamba wasomaji wao wengi wako kwenye simu, na simu haina kishale.

Wengine hulalamika kwamba `:visited`, sehemu ya CSS inayopanga mwonekano wa viungo vilivyokwisha kufunguliwa, ni mbovu kwa kuwa inakubali kubadili rangi na kukataa ukubwa wa herufi au picha ya nyuma. Haina ubovu wowote: kuanzia mwaka 2010 watengenezaji wa vivinjari waliibana kwa makusudi, kwani tovuti zilikuwa zikiitumia kuchungulia kurasa alizopita msomaji. Na rangi ya `:hover`, yaani ya kiungo kinachopitiwa na kishale, isipoonekana, kwa kawaida kosa ni la mpangilio; amri hizi zina uzito sawa na ya mwisho ndiyo hushinda, hivyo ziandikwe kwa kufuatana: `:link` (kiungo ambacho hakijafunguliwa), `:visited`, `:hover`, `:active` (kiungo kinapobofywa).

Mwisho ni `outline: none`, amri ya kuondoa mzingo ambao kivinjari huuchora kuzunguka kiungo kilichofikiwa kwa kibodi, ambayo watu huinakili wakidhani inafuta uchafu tu, ilhali humnyima anayetumia kibodi alama pekee ya kumwonyesha alipo. Asiyependa mzingo wa kivinjari auchore wake ndani ya `:focus-visible`, inayohusu kiungo kilichofikiwa hivyo.