Ubora wa Kitabu Kilichoskaniwa: Maana Yake Katika Maktaba ya Wasioona

Neno "ubora" likitajwa kuhusu kitabu, wengi wetu hufikiria karatasi nzito, jalada linalong'aa na uzi ulioshika kurasa barabara. Katika maktaba ya kidijitali inayowahudumia wasioona, pamoja na wale ambao macho au mikono yao haiwaruhusu kutumia kitabu cha karatasi, neno hilo lina maana nyingine kabisa. Huko, ubora ni kiasi ambacho maandishi yaliyotolewa kitabuni kwa skana yanaweza kuaminiwa na msomaji ambaye hana njia ya kufungua kitabu chenyewe ili ahakikishe.

Maktaba inayojulikana zaidi ya aina hii ni Bookshare, iliyoanzishwa nchini Marekani mwaka 2002 na shirika la Benetech la Palo Alto, California. Sehemu kubwa ya vitabu vyake vya mwanzo ilitokana na watu wa kujitolea: mmoja aliskani kitabu chake nyumbani, mwingine akayasoma maandishi yake na kuyasahihisha kabla hayajaingia rafuni. Mgawanyo huo wa kazi una sababu yake. Skana hutoa picha ya ukurasa tu, na kwa kisoma skrini, yaani programu inayomsomea asiyeona maandishi kwa sauti, picha ni ukuta mtupu. Ni lazima programu ya kutambua herufi iigeuze picha hiyo kuwa maandishi, na programu hiyo hukisia. Mara nyingi hukisia vyema, na kwa sababu hiyo makosa yake machache hujificha vizuri.

Tuseme programu imepatia herufi 99 katika kila 100. Alama hizo zingemfurahisha mzazi yeyote siku ya kufunga shule. Lakini ukurasa wenye herufi 2,000 utakuwa na makosa 20, na kitabu cha kurasa 200 kitakuwa na 4,000. Makosa yenyewe ni ya aina zinazojulikana: "l" husomwa kuwa "i" au namba 1, na "m" hugawanyika ikawa "r" na "n". Mtu anayeona akikutana na "kuia" au "rnama" macho yake huyapita na akili ikayanyoosha bila hata yeye kutambua. Anayesikiliza kisoma skrini husomewa "kuia" vilevile ilivyo, na anayesoma breli hukuta nukta mbili za "i" mahali ambapo kidole chake kilitarajia nukta tatu za "l". Tena Kiswahili kina mtego wake. Alama ndogo ya juu katika "ng'" hupotea kwa urahisi karatasi ikiwa imechakaa, na hapo "ng'oa", yaani kuchomoa, hugeuka kuwa "ngoa", yaani wivu. Yote mawili ni maneno halali, kwa hiyo hakuna programu ya tahajia itakayolalamika.

Programu za tahajia zinastahili maneno zaidi, maana wajitoleaji wengi huziamini kupita kiasi. Niliwahi kusahihisha hadithi ya familia moja ya huku magharibi mwa Kenya, ambamo mtoto humwita bibi yake "kukhu", kama Waluhya wengi wanavyosema. Aliyenitangulia alikuwa ameiruhusu kompyuta irekebishe yote kwa mpigo mmoja, na katika kurasa kadhaa kuku alikuwa akisimulia hadithi jioni, akishika fimbo na kulalamikia magoti. Nilicheka, kisha nikaona uzito wake: msikilizaji angedhani mwandishi alikusudia kichekesho. Katika kitabu hichohicho mzee mmoja hutamka "papa" badala ya "baba", nami nusura niibadilishe hiyo "p" kabla ya kutazama picha ya ukurasa na kukuta kwamba mwandishi aliipanda makusudi. Tangu hapo sisahihishi neno kwa kulitilia shaka tu, bali hulifuata kwenye picha kwanza.

Jambo hili lina msingi wa kisheria pia. Mkataba wa Marrakesh, uliopitishwa mwaka 2013 na ambao Kenya ilijiunga nao mwaka 2017, unaruhusu vitabu vinakiliwe katika miundo inayowafaa wasioona bila kuomba idhini ya mwenye hakimiliki, lakini unataka nakala hiyo iheshimu ukamilifu wa kazi ya asili, isipokuwa mabadiliko yanayohitajika ili isomeke katika muundo mpya. Anayeskani hana ruhusa ya kuhariri. Hata kosa la mchapishaji, kwa maoni yangu, libaki lilivyo.

Usahihi wa herufi, hata hivyo, hauna faida ikiwa ukurasa wenyewe haupo. Vitabu vingi tunavyoskani hapa Kisumu ni vya mitumba, vya kununuliwa kando ya barabara, na vina historia: kona zimekunjwa, mwenye kitabu wa awali amepigia mistari kwa kalamu ya wino, na gundi ya mgongo imekuwa ngumu kiasi kwamba kitabu hakilali sawasawa juu ya kioo cha skana. Sehemu ile ya ndani, karibu na mshono, huingia kivuli, na maneno ya mwisho au ya mwanzo wa mistari humezwa. Kuongeza nukta za skana, yaani ukali wa picha, hakusaidii. Nukta 300 kwa inchi zinatosha kwa chapa ya kawaida, na 400 kwa herufi ndogo. Kinachosaidia ni kukibonyeza kitabu kwa kiganja, au kuukata mgongo kama mwenyewe ameridhia. Kurasa mbili zikishikana, matokeo ni mabaya zaidi, kwa kuwa sentensi hurukia nyingine na msikilizaji hubaki akijiuliza ni lini mhusika alikufa. Ndiyo maana kazi ya kwanza ya msahihishaji ni kuhesabu namba za kurasa kutoka mwanzo hadi mwisho.

Namba hizo zina kazi nyingine. Mwanafunzi asiyeona anayesoma darasa moja na wanaoona husikia mwalimu akisema, "Fungueni ukurasa wa 64," na faili isiyo na alama za kurasa humwacha akitafuta mpaka somo limekwisha. Vichwa vya sura navyo viwekewe alama ya vichwa, wala si kunenepeshwa herufi tu, ili msomaji aruke kutoka sura hadi sura kwa kitufe kimoja. Kinyume chake, jina la kitabu lililochapwa juu ya kila ukurasa liondolewe, maana kulisikia mara 200 katikati ya sentensi kunachosha. Vistariungio vya mwisho wa mstari viondolewe pia, "wana-" na "funzi" viungane. Ramani na picha zinahitaji maelezo, na hapo wajitoleaji hutofautiana sana. Mimi huridhika na sentensi mbili zinazosema kilichomo bila kukitafsiri.

Baadhi ya maktaba huvipa vitabu madaraja ya ubora ili msomaji ajue anachopakua. Ni utaratibu wa haki, ingawa daraja la chini lina matumizi yake: mwanafunzi ambaye mtihani wake ni wiki ijayo atakipokea kitabu chenye makosa kuliko kukosa kabisa. Asichoweza kukikwepa ni kosa asilolijua. Kwa hiyo mahali karatasi ilipochanika au wino ulipofuta mstari, sisi huandika ndani ya mabano kwamba maneno matatu hayasomeki, na hatukisii, hata pale tunapokuwa karibu na hakika ya maneno yenyewe.