Slepu: gumba likishagonga, liondoke

Kijana ninayemfundisha gitaa la besi hapa Mtwara alikuja juzi kidole gumba kimevimba kwa slepu, yaani kupiga nyuzi kwa kuzigonga kwa gumba na kuzivuta kwa kidole.

"Shikamoo mwalimu. Slepu imenishinda."

"Marahaba. Hebu piga nione."

Alikuwa anagonga uzi kama anapigilia msumari, na kila akigonga, kidole kinang'ang'ania palepale. Sauti inatoka "du", inafia hapohapo.

Nikamuuliza, wewe umekulia Newala, hujawahi kumtazama mpiga ngoma ya sindimba? Kiganja kikigusa ngozi kimeshaondoka. Kikikaa, ngoma inakuwa bubu. Gumba nalo ni hivyohivyo, maana slepu yenyewe ilizaliwa kuziba pengo la dramu. Larry Graham, kule Marekani miaka ya 1960, alikuwa akipiga muziki na mama yake. Walipobaki bila mpiga dramu, akaanza kugonga nyuzi nene kwa gumba badala ya dramu kubwa, na kuvuta nyembamba badala ya sneya, ile dramu ndogo yenye mlio mkali. Mtindo huo akauingiza baadaye katika bendi ya Sly and the Family Stone.

Gonga pale shingo ya gitaa inapoishia, kwenye freti (vile vyuma vya shingoni) za mwisho, uzi ujibamize kwenye chuma. Tumia ubavu wa gumba, penye mfupa. Bega na kiwiko vitulie. Kinachozunguka ni kifundo cha mkono, kama unafungua kitasa kwa ufunguo. Nguvu haihitajiki sana. Ukiona unatoka jasho, umekosea.

Mkono wa kushoto ndio wanaousahau wengi. Vidole visivyobana noti vilale juu ya nyuzi nyingine, viziguse tu bila kuzikandamiza, la sivyo zote zinanguruma kwa pamoja na spika inageuka mashine ya kusaga.

Kuvuta kuje baadaye. Ncha ya kidole cha shahada inaingia kidogo chini ya uzi, unauinua, unauachia. Anza na okteva, yaani noti ileile, moja ya chini na moja ya juu: gumba kwenye uzi wa mi (E) freti ya 3, shahada kwenye uzi wa re (D) freti ya 5. Metronomu, kile kifaa cha kuhesabu mapigo, iwe 60 kwa dakika, basi. Mimi nilikimbilia kuvuta mapema, nikaenda kuyamwaga yote kwenye wimbo wa taratibu wa kwaya, harusini. Mwalimu wa kwaya hakusema neno. Alikuja tu akapunguza sauti ya ampi yangu.

Nyuzi nazo ziangaliwe. Kwa hewa hii ya chumvi, hasa ukikaa Shangani, zinashika kutu upesi, na uzi uliochoka hautoi ule mlio wa chuma hata ukijua kugonga namna gani. Zifute kwa kitambaa kikavu kila ukimaliza.

Yule kijana tulikaa naye nusu saa kwenye uzi wa mi mtupu, bila kubana chochote. Karibu na mwisho ikatoka "duum", ikaning'inia. Akacheka, akaigonga tena, ikafa. Akauliza kuvuta tunaanza lini.

"Uvimbe ukishapungua," nikamwambia.