Yanayosemwa kuhusu Adley Rutschman, na ukweli wenyewe

Tangu msimu wa 2025 uishe, baadhi ya mashabiki wa Baltimore Orioles, timu ya besiboli ya Marekani, wameshamchimbia kaburi mdakaji wao, yaani mchezaji anayechuchumaa nyuma ya mpigaji na kudaka mipira inayorushwa. Adley Rutschman ndiye aliyechaguliwa wa kwanza kabisa kati ya vijana wote waliowania kuingia ligi mwaka 2019. Alianza kuchezea timu kubwa Mei 2022, na mwaka uliofuata Orioles wakashinda mechi 101. Mwaka 2025 alicheza mechi 90 tu, akapiga wastani wa .220 na homurani (mapigo yanayovusha mpira nje ya uzio) 9. Namba ni mbaya, sibishi. Ninachokataa ni hukumu zinazojengwa juu yake.

"Mdakaji wa .220 amekwisha."

Wastani wa .220 ni kupata pigo salama mara 22 katika kila 100. Cal Raleigh wa Seattle alipiga .220 hiyohiyo mwaka 2024, lakini alikuwa na homurani 34 na akatunukiwa Platinum Glove kwa ulinzi bora katika ligi yake. Mwaka 2025 akapiga homurani 60. Kabla yake, mdakaji aliyekuwa amepiga nyingi zaidi katika msimu mmoja ni Salvador Perez, 48. Na Raleigh huyohuyo alianza mwaka 2021 kwa .180, kisha Aprili 2022 akarudishwa Tacoma, ligi ya chini.

Simaanishi kwamba Rutschman atapiga 60. Raleigh alikuwa na nguvu ambazo wastani haukuzionyesha. Ninachosema ni kwamba namba hiyo moja haimhukumu mdakaji yeyote.

"Asipopiga, hana kazi."

Hapa ndipo watu wanapokosea zaidi. Mdakaji huchuchumaa zaidi ya mara 100 katika mechi moja, huku akipendekeza kila mpira urushwe vipi, akizuia inayodunda chini, na akisimama ghafla kumrushia mwenzake aliyeko besi (kituo cha mkimbiaji) ya pili, karibu mita 39, ili mwizi wa besi, yaani mpinzani anayeikimbilia kabla mpira haujapigwa, anaswe. Timu inayojua kazi hiyo humvumilia mtu.

Timu ya St. Louis ilimvumilia mdakaji wake Yadier Molina. Mwaka 2006 alipiga .216 akiwa na umri wa miaka 24, na bado wakamwacha aendelee kudaka. Oktoba mwaka huo, katika mechi ya saba, ya mwisho, ya mchujo dhidi ya timu ya Mets mjini New York, matokeo yakiwa 1-1 katika ingizo la tisa, kipindi cha mwisho cha mechi, Molina aliupeleka mpira nje ya uzio wa kushoto na mwenzake akiwa kwenye besi. Wakashinda 3-1, kisha wakatwaa ubingwa. Miaka miwili baadaye alipiga .304, na mwaka 2013 akafika .319. Wengi wanamkumbuka kama mpigaji mzuri, wakisahau alikotokea.

"Amelegea, hajitumi."

Hii inaniudhi, kwa sababu mwili wake umeshajibu. Juni 2025 aliumia misuli ya ubavu wa kushoto, na Agosti ya ubavu wa kulia. Hiyo ndiyo misuli inayozungusha kiwiliwili mtu anapopiga, na inayofanya kazi anaporusha. Rutschman hupiga kwa pande zote mbili, hivyo hakubaki na upande wa kukimbilia. Anguko lenyewe lilianza kiangazi cha 2024, kipindi kilekile alichogongwa mkono na mpira.

"Basallo amekuja, nafasi imeisha."

Kweli, Samuel Basallo, mdakaji kijana wa Orioles kutoka Jamhuri ya Dominika, amepewa mkataba wa miaka 8 wenye thamani ya dola milioni 67. Lakini wadakaji wawili wazuri wanaweza kugawana siku, na mwenye mbavu zilizoumia mara mbili ndani ya kiangazi kimoja anahitaji kupumzishwa. Kocha mpya, Craig Albernaz, aliwahi kuwa mdakaji katika ligi ndogo, kwa hiyo uchovu huo anaufahamu.

"Mashine sasa zitaamua straiki, mikono ya mdakaji haina maana."

Straiki ni mpira uliopita eneo halali la mpigaji, na mdakaji mwenye mikono mizuri humfanya mwamuzi auone hivyo. Lakini mwamuzi bado yupo. Kuanzia 2026 kila timu inaanza mechi na rufaa mbili za kuiomba mashine ipime uamuzi wake, na anayeruhusiwa kukata rufaa ni mrushaji, mpigaji au mdakaji. Mdakaji ndiye anayeuona mpira vizuri kuliko wote, kwa hiyo jicho lake limepanda thamani.

"Kila mdakaji mzuri hurudi."

Hii nayo ni dhana potofu, tena hupendwa na sisi tunaomtakia mema. Gary Sánchez wa Yankees alipiga homurani 33 mwaka 2017, akaporomoka hadi .186 mwaka 2018, akarudi na homurani 34 mwaka 2019, kisha mwaka 2020 akapiga .147. Miaka miwili baadaye alikuwa amebadilishwa na kupelekwa timu nyingine.

Kwa hiyo Aprili sitaanza na wastani. Nitatazama anavyoichagua mipira. Mwaka 2023 Rutschman aliiacha mibovu ipite, akapewa besi ya kwanza bure mara 92. Mwaka 2024 zikabaki 58. Akirudisha subira hiyo na mbavu zikamvumilia, naamini ataivuka .250 na homurani zitafuata. Asipoirudisha, Basallo atadaka siku nyingi kuliko yeye kabla ya Julai.