Vilima vifupi vya Cotswolds na uchovu wa miguu

Wengi huamini kwamba kuendesha baiskeli vijijini kusini mwa Uingereza, mfano Cotswolds, ni kazi nyepesi kwa kuwa hakuna milima. Imani hiyo ina msingi: Cleeve Hill, sehemu ya juu kabisa ya Cotswolds, ina mita 330 tu.

Lakini kinachochosha miguu ni jumla ya miinuko yote. Vilima 20 vya mita 60 kila kimoja ni mita 1,200. Scafell Pike, mlima mrefu kuliko yote ya Uingereza ukiacha Wales na Uskoti, una mita 978! Tena njia nyingi za zamani hazikizunguki kilima. Hushuka moja kwa moja bondeni, kisha hupanda ng'ambo. Kwangu mimi, gia nyepesi huko ni lazima.

Ukitaka kuhakiki, chukua ramani ya eneo ya kipimo cha 1:50,000, uhesabu mistari ya kontua (inayounganisha sehemu zenye kimo sawa) ambayo barabara inaikata ikipanda. Kwa kawaida kila mstari ni mita 10 za kupanda. Mshale mmoja juu ya barabara ni mwinuko wa asilimia 14 hadi 20. Miwili, mkali zaidi.