Fursa ya chanjo iliyopotea: maana yake, na namna inavyotuponyoka

Mtoto wa miezi 14 analetwa kliniki kwa kikohozi cha siku tatu. Joto lake ni nyuzi 37.8. Anahesabiwa pumzi kwa dakika nzima: 34, chini ya 40, na kifua hakibonyei. Hana nimonia. Mama anaelekezwa ampe vinywaji zaidi, anatajiwa dalili za kumrudisha haraka, anaondoka. Kadi ya kliniki imo mkobani mwake, na kwenye kadi hiyo kisanduku cha surua ya kwanza kiko wazi. Hakuna aliyeomba kuiona. Kikohozi kimehudumiwa barabara, ila mtoto ametoka hana kinga ya surua kama alivyoingia.

Hiyo ndiyo fursa ya chanjo iliyopotea. Kwa maana inayotumiwa na Shirika la Afya Duniani, ni kila mara mtu anayestahili chanjo anapokutana na huduma ya afya, kwa sababu yoyote ile, kisha akaondoka bila kupata dozi moja au zaidi ya zile anazostahili. Anastahili ikiwa umri wake na ratiba vinaruhusu dozi hiyo, na hakuna sababu halali ya kitabibu ya kumzuia.

Uzito wa maana hii uko kwenye maneno "kwa sababu yoyote ile". Kupimwa uzito, kusafishwa kidonda, kutibiwa kuhara, vyote ni kukutana na huduma. Hata mdogo aliyebebwa mgongoni siku dada yake anatibiwa sikio amekutana na huduma. Mhudumu akimwona tu huyo mwenye sikio, fursa ya yule wa mgongoni imepotea palepale.

Mara nyingi dhana hii huchanganywa na utoro wa kliniki. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani na UNICEF, mwaka 2024 watoto wapatao milioni 14.3 hawakupata hata dozi ya kwanza ya chanjo ya dondakoo, pepopunda na kifaduro. Dozi ya kwanza ya surua iliwafikia asilimia 84 na ya pili asilimia 76, wakati surua hudhibitiwa pale dozi zote mbili zinapofika asilimia 95. Baadhi ya waliokosa wanaishi mbali au kwenye vita, na kuwafikia kunahitaji timu, magari na fedha. Wengine tayari wako kwenye foleni yetu. Kumlaumu mama kwamba "haleti mtoto", naye amemleta mara nne mwaka huu kwa homa na mafua, ni kutomtendea haki.

Sababu ambazo si sababu

Chanzo kikubwa ni kumzuia mtoto kwa jambo lisilomzuia. Mafua, kikohozi chepesi, kuhara kidogo, homa ndogo, kumaliza dozi ya antibiotiki au kuwa katikati yake: hakuna hata moja linalozuia chanjo. Hali kadhalika utapiamlo, kuzaliwa njiti, manjano ya siku za kwanza, ndugu mwenye degedege na mzio wa mayai kwa chanjo ya surua. Mtoto njiti huchanjwa kwa umri wake tangu siku aliyozaliwa, si kwa umri uliokatwa wiki alizowahi. Mwenye utapiamlo ndiye surua ingemuua kwanza. Kumrudisha nyumbani "apate nguvu kidogo" ni kumwacha wazi wakati ule ule anaohitaji kinga kuliko wenzake.

Wahudumu hawafanyi hivi kwa uvivu. Wanaogopa lawama. Mtoto mwenye mafua akichanjwa leo, usiku homa ikapanda, kesho watu watasema ni sindano. Hofu hiyo ina msingi, kwa kuwa penta, sindano moja inayokinga magonjwa matano yakiwemo dondakoo, pepopunda na kifaduro, huweza kuleta homa ndani ya siku moja au mbili. Dawa ya hofu hiyo ni kusema mapema. Mwambie mama: "Leo paja linaweza kuvimba na mwili kupata joto, na litaisha. Homa ya chanjo ya surua ikija, hutokea baada ya kama wiki moja, siku ya 7 hadi ya 12." Kisha rudia dalili za hatari, maana homa ya chanjo haimzuii mtoto kupata nimonia. Akishindwa kunywa au kunyonya, akitapika kila kitu, akipata degedege, akilegea asiamke au akipumua kwa kasi, arudi saa hiyo hiyo.

Vizuizi vya kweli ni vichache. Kimojawapo ni mzio mkali wa kutishia maisha baada ya dozi iliyopita ya chanjo hiyo, au kwa kitu kilichomo ndani yake. Kingine ni kinga ya mwili iliyoshuka vibaya, ambayo huzuia chanjo zenye vijidudu hai vilivyodhoofishwa. Chanjo ya rota, ile ya kuzuia kuhara, hapewi mtoto aliyewahi kupata tatizo la utumbo kujikunja ndani ya utumbo. Mtoto mwenye VVU hupewa surua isipokuwa kinga yake imeshuka sana. Kwa BCG, chanjo ya kifua kikuu, mwongozo wa nchi ufuatwe neno kwa neno.

Anayepewa rufaa ya dharura yuko kando na haya yote. Huyo asicheleweshwe kwa ajili ya sindano, aende. Deni la chanjo linahamia hospitali anakopelekwa, na hapo ndipo husahaulika zaidi: mtoto analazwa siku tano, anatibiwa, anaruhusiwa, na hakuna aliyefungua kadi. Surua ikiingia wodini husambaa kwa kasi, kwa hiyo kisanduku cha surua kikaguliwe siku ya kulazwa, mtoto akishatulia tu, si siku ya kutoka.

Kichupa kimoja, mtoto mmoja

Chanjo ya surua huja ikiwa unga mkavu, mara nyingi kichupa cha dozi 10, unaochanganywa na kimiminika chake maalumu. Ikishachanganywa, mwisho wake ni saa 6 au mwisho wa kliniki ya siku hiyo, lolote litakalotangulia. Kinachobaki humwagwa. Basi akija mtoto mmoja Jumatatu asubuhi, mhudumu anawaza dozi tisa zitakazopotea, anamwambia mama, "Njoo Alhamisi, siku ya surua." Alhamisi mama ana kibarua, au mtoto amelala, au wamehama.

Msimamo wa Shirika la Afya Duniani ni kwamba kichupa kifunguliwe kwa kila mtoto anayestahili, hata akiwa peke yake. Tatizo liko kwa walio juu ya mhudumu: msimamizi akija huuliza kuhusu upotevu wa chanjo, hamuulizi kuhusu watoto waliorudishwa. Rejista ina safu ya dozi zilizomwagwa na haina safu ya waliorudishwa. Kwa maoni yetu hapo ndipo pa kuanzia kurekebisha. Upotevu wa surua na BCG upangwe na kuagizwa tangu mwanzo, na mtu asiadhibiwe kwa kufungua kichupa.

Hata hivyo, sheria ya saa 6 isilegezwe ili kuokoa dozi. Surua iliyochanganywa haina kihifadhi. Bakteria wakiingia wanazaliana humo, na sumu yao inaua. Mwaka 2017 watoto 15 walikufa Sudan Kusini katika kampeni ambapo bomba moja la kuchanganyia lilitumika siku nne na chanjo kukaa bila baridi. Wengine hukosea upande wa pili, wakamwaga penta jioni ile ile kana kwamba ni surua. Penta ya maji yenye kihifadhi inaweza kutumika hadi siku 28 tangu ifunguliwe, mradi imekaa kwenye nyuzi 2 hadi 8, haijaganda, haijapita tarehe, na kiashiria cha joto kwenye kichupa bado kizuri. Kiashiria ni mraba mdogo ndani ya duara: mraba ukiwa mweupe kuliko duara, tumia, ukilingana nalo au ukiwa mweusi zaidi, tupa. Andika tarehe ya kufungua kwenye kichupa chenyewe, maana kumbukumbu ya kichwani haivuki zamu.

Aliyechelewa haanzi upya

Kosa jingine ni kudhani kwamba mtoto aliyepitiliza tarehe ameharibu ratiba. Ratiba huendelea pale ilipoishia. Kati ya dozi moja ya penta na nyingine zipite angalau wiki 4. Zikipita wiki 20, dozi ya mwanzo bado inahesabika. Aliyepata penta ya kwanza akiwa na wiki 6, kisha akaonekana tena ana miezi 11, hupewa penta ya pili leo, na ya tatu baada ya wiki 4. Pale surua ya kwanza inapotolewa miezi 9, hupewa leo hii hii pia. Aliyewahi kabla ya wiki 4 ndiye mwenye shida, kwa kuwa dozi iliyotolewa mapema mno haihesabiki.

Chanjo hai za sindano, kama surua na homa ya manjano, hutolewa siku moja au hupishana wiki 4. Kuzipishanisha wiki moja "ili mtoto apumzike" ndilo chaguo baya kuliko yote.

Sindano tatu kwa siku moja huwatisha walezi, na tuseme kweli, huwatisha wahudumu zaidi. Mbili zinaweza kuchomwa paja moja zikiachana angalau sentimita 2.5. Ya mdomoni itangulie, inayouma zaidi iwe ya mwisho, na mtoto anyonye huku amepakatwa. Mlezi akielezwa kwamba mbadala wake ni safari nyingine na kilio kingine, wengi hukubali zote.

Namna ya kuipima

Njia ya kawaida ni kusimama penye mlango wa kutokea, si chumba cha chanjo, na kuzungumza na walezi wa watoto wa miezi 0 hadi 23 wanapoondoka. Angalia kadi, andika umri, kilichowaleta, dozi alizostahili asubuhi ile na alizopewa. Kisha gawanya waliostahili wakaondoka bila dozi kwa wote waliostahili.

Tuseme mmeona watoto 40, 15 wakastahili, 9 kati yao wakaondoka hivyo hivyo. Fursa iliyopotea ni 9 kwa 15, yaani asilimia 60. Wengi hugawanya kwa 40, wakapata asilimia 22.5 na kujipongeza. Wale 25 hawakuwa na dozi ya kupoteza, hawana nafasi kwenye hesabu hii. Tenganisha pia waliokuja kwa chanjo na waliokuja kwa ugonjwa, maana wastani wa pamoja huficha chumba cha matibabu, na mara nyingi ndicho kinachovuja. Na kila aliyegundulika mlangoni arudishwe ndani akachanjwe kabla hujaandika mstari mwingine.

Kinachobadilisha hali

Kadi iombwe mapokezi pamoja na jina, iende na mtoto kwenye mizani, imfikie tabibu ikiwa juu ya daftari la matibabu. Tabibu aandike "chanjo" kwenye mpango wa matibabu, mstari mmoja na dawa. Kisha mama apite chumba cha chanjo kwanza, ndipo aende dirisha la dawa. Mpangilio huo unaonekana mdogo, lakini ukiugeuza utaona tofauti: aliyekwishapokea dawa ameshamaliza safari moyoni mwake, na foleni ya pili hataingia.

Chumba cha chanjo kiwe wazi kila siku kliniki inapokuwa wazi. Isipowezekana, mhudumu wa zamu awe na ufunguo wa jokofu na awe amefundishwa kuchanja. Ufunguo uliomo mfukoni mwa mtu aliye likizo umepoteza fursa nyingi.

Asiye na kadi asirudishwe kuifuata. Tafuta rejista kwa jina na tarehe ya kuzaliwa, uliza, angalia kovu la BCG, ingawa kukosa kovu hakuthibitishi kwamba hakuchanjwa wala si sababu ya kurudia BCG. Pasipo maandishi ya surua, mchukulie kama hajapata na umchanje. Dozi ya ziada ya surua haimdhuru. Mpe kadi mpya siku hiyo hiyo.

Kwenye kadi hiyo, tarehe ya kurudi huandikwa kwa penseli na tarehe ya kuchanjwa kwa wino. Anayeandika miadi kwa wino amejaza kisanduku cha dozi ambayo haijatolewa, na tabibu atakayeitazama kadi miezi mitatu baadaye, mtoto akiwa na kikohozi, ataona kisanduku kimejaa na kumruhusu aende.