Chukudu haina nguvu ndani yake

Uliza mtu wa Goma, kule Kongo, juu ya nini chukudu, ile skuta yetu ya mbao ya kubebea mizigo, ikimaliza kushuka kilima inaendelea kutembea hata fasi tambarare, atakujibu "juu bado iko na nguvu", na ikisimama atasema nguvu imeisha, kama vile simu imeishiwa chaji. Hata mimi niliamini hivyo, na masomo nilisoma kabisa, sheria za mwendo za Newton, yule mwanasayansi Mwingereza, nilizijaza kwenye kaye (daftari) na sikuwahi kufikiri kama zinaongea juu ya zile mbao zinapita mlangoni kwetu kila asubuhi na makala ya kupikia.

Hakuna nguvu imefungwa mule ndani. Newton aliandika tangu 1687: kitu kinachotembea kitaendelea mwendo uleule, njia ileile iliyonyooka, mpaka nguvu ya nje ikibadilishe. Sasa chukudu inasimamishwa na nini? Gurudumu linasuguana na mawe ya lava, ekseli inasuguana na mbao (njo maana wanapakaa mafuta pale), hewa nayo kidogo. Isukume kwenye lami halafu uisukume vilevile kwenye changarawe, utaona yenyewe.

Ingine wanasema chukudu yenye mzigo lazima inashuka mbio kuliko tupu, juu iko nzito. Hapana sana. Dunia inavuta mzigo mzito zaidi, ndiyo, lakini na mzigo mzito ni mgumu zaidi kuukimbiza, basi vinalingana. Mwaka 1971 David Scott, mwanaanga wa safari ya Apollo 15, aliachilia nyundo na unyoya pale mwezini, fasi haina hewa, vikafika chini pamoja. Huku kwetu hewa inachelewesha kile chepesi, lakini kwa chukudu tofauti ni ndogo.

Hatari iko kwenye kusimama. Breki ya chukudu ni kipande cha tairi ya zamani, papa mwenye kuiendesha anakikanyaga juu ya gurudumu la nyuma, na mguu wake ni uleule akibeba kilo 50 ao kilo 300 za viazi kutoka kijiji cha Kibumba, na mteremko unazidi kuvuta kadiri mzigo unavyozidi. Ongeza mwendo mara mbili, fasi ya kusimamia inakuwa mara nne. Mtu akikatisha mbele ya chukudu yenye mzigo akisema "ataniona", amuone basi, na halafu?

Kwenye moto (pikipiki) nako, motari akifunga breki ghafla unasema kuna kitu kimenisukuma mbele. Hakuna aliyekusukuma, moto imesimama, wewe umeendelea na safari yako. Vaa kaske, ile kofia ngumu.

Na ile ya lori la Fuso kugonga moto "kwa nguvu zaidi"? Zinapigana nguvu sawasawa, kila moja kwa mwenzake. Ni vile moto iko nyepesi, njo inarushwa yenyewe, Fuso inatikisika tu.

Lakini kwenye tambarare si papa njo anasukuma chukudu? Muangalie vizuri: goti moja liko juu ya kile kipande cha mpira, mguu mwingine unasukuma ardhi nyuma, na ardhi inamrudishia mbele, kumbe barabara njo inampeleka. Mvua ikinyesha kwenye udongo utaona: anapiga mguu, unateleza, anapiga tena, jasho linatoka, na kabichi ziko palepale.