Kinga za Mabega kwa Anayeruka Viunzi na Farasi: Si Lazima, Lakini Zivae

Tangu ianze kampeni ya kukagua vizibao vya kinga kabla ya mashindano, swali moja limerudi kuliko mengine yote: je, mpanda farasi anayeruka viunzi anatakiwa avae na kinga za mabega? Wengine huuliza kwa barua. Wengine huuliza wakiwa wameshapanda, zimebaki dakika tano kengele ilie, mzazi kashika hatamu na mkaguzi kashika fomu. Huo si wakati wa kufungua mjadala. Mimi ni daktari ninayeshughulikia usalama wa wapanda farasi katika shirikisho, na nimeandika maelezo haya ili kila mmoja ayasome nyumbani kwa utulivu.

Jibu langu ni kwamba kanuni haikulazimishi, lakini nakushauri uzivae kila unaporuka, na hasa mazoezini, mradi ziwe zimetengenezwa kwa ajili ya kizibao chako na zikukae sawasawa. Nakuomba pia usizitegemee kwa kazi ambayo haziiwezi.

Tuanze na kanuni, maana hapo ndipo watu wanapochanganya mambo. Katika mbio za nyika, ambazo ni sehemu ya mashindano ya fani tatu (kumwendesha farasi kwa madaha, mbio za nyika na kuruka viunzi uwanjani), farasi huruka magogo, kuta na mitaro, na vingi kati ya viunzi hivyo vimejengwa visihame. Huko kanuni za FEI, yaani Shirikisho la Kimataifa la Michezo ya Farasi lenye makao yake Lausanne, zinamtaka kila mpanda farasi avae kizibao cha kinga. Uwanjani mambo ni tofauti: fito hulazwa juu ya vikombe, yaani vishikizo vya kwenye nguzo, vyenye kina cha milimita 18 hadi 30 tu, zidondoke zikiguswa. Hapo helmeti ni lazima na kizibao ni hiari. Kinga za mabega ni hiari kotekote, nyikani na uwanjani. Kanuni za taifa lako au za klabu yako zinaweza kuwa kali zaidi ya hizi, kwa hiyo zisome kabla ya kujiandikisha, si siku ya mashindano.

Hiari hiyo isimfanye mtu adhani helmeti nayo inajadiliwa. Ukiwa katikati ya mzunguko na helmeti ikatoka kichwani, au ukanda wake wa kidevuni ukafunguka, unapaswa kusimama na kuifunga. Hupewi adhabu kwa kusimama, ila saa haisimamishwi kwa ajili yako. Ukiruka kiunzi kinachofuata, au hata ukijaribu kukiruka, ukanda ukiwa wazi, unaondolewa mashindanoni. Msamaha upo pale tu ambapo kusimama papo hapo kungekuwa hatari, kwa mfano ukanda ukifunguka ukiwa katikati ya viunzi vilivyopangwa karibu karibu na kuhesabiwa kama kimoja, au farasi akibakiza hatua moja au mbili afike. Hata asipokuwa anaruka, anayeambiwa na msimamizi avae helmeti kisha akakaidi hupewa kadi ya njano. Akipata kadi ya pili ndani ya miezi 12, anasimamishwa miezi miwili bila kikao cha kumjadili. Nayaeleza kwa urefu kwa sababu rufaa za namna hii haziishi, na karibu zote zinatoka kwa watu ambao wangeweza kuziepuka kwa kusoma ukurasa mmoja.

Sasa turudi begani. Kati ya kidari na ncha ya bega upo mtulinga, mfupa mwembamba uliopinda kama herufi S. Kombe la bega kwa nyuma limeshikwa na misuli. Kiungo pekee cha mfupa kwa mfupa kati ya mkono na kiwiliwili kinapitia kwenye mtulinga huo. Mtu akiangukia ncha ya bega, kishindo husafiri ndani ya mfupa huo kuelekea kidarini. Mara nyingi hukatikia kwenye theluthi ya kati, mahali ulipo mwembamba na pasipo na kano za kuutegemeza. Chini yake hupita mishipa mikubwa ya damu na mishipa ya fahamu inayokwenda mkononi. Wengi hupona vizuri, watu wazima kwa wiki 6 hadi 12 na watoto kwa muda mfupi zaidi, lakini anayesema “ni mtulinga tu” hajawahi kumwona mtu akijaribu kulala usiku wa kwanza.

Kwa nini wanaoruka hasa? Kwa sababu ya namna wanavyoanguka. Farasi anakaribia kiunzi kwa shoti, anagoma ghafla, anainamisha bega moja, na mpanda farasi anaendelea na safari peke yake. Anatangulia kichwa na bega. Mabega ya mtu aliyekaa juu ya farasi wa kawaida wa mashindano yako zaidi ya mita mbili kutoka ardhini, na hapo farasi hajanyanyuka bado. Mwendo uliozoeleka uwanjani ni mita 350 kwa dakika, hadi 400 kwenye mashindano makubwa. Mbio za nyika za ngazi ya juu kabisa hufikia mita 570 kwa dakika. Kwa kuwa nishati hufuata mraba wa kasi, nishati ya kishindo kwenye mwendo huo ni zaidi ya mara mbili na nusu ya ile ya mita 350 kwa dakika, tena kuna mbao na magogo yasiyosogea. Ndiyo maana ushauri wangu kwa wa nyika ni mkali kuliko kwa wa uwanjani. Lakini uwanja nao una nguzo za pembeni za kushikilia fito, na hizo hazisogei kwa wepesi kama fito zenyewe.

Kinga ya bega ni kipande cha sponji nzito, mara nyingi yenye matundu au iliyokatwa vipandevipande ili ipinde, kinachoshikizwa kwenye kizibao kwa velkro. Sponji inapobonyea, kishindo kinachukua muda mrefu kidogo kufika mwilini na kinatawanyika kwenye eneo pana zaidi, hivyo kilele cha nguvu kinapungua. Hapo ndipo kazi yake inapoishia. Inasaidia ukigonga nguzo, ukikanyagwa juu juu, ukiangukia kipande cha fito. Ukiangukia ncha ya bega inasaidia pia, ila kwa kiasi, maana nyuma ya bega upo uzito wako wote unaosukuma, na sponji hiyo haiondoi uzito.

Haizuii bega kutenguka. Hili nalisema kila semina na kila semina linaulizwa upya. Bega hutenguka kwa sababu mkono umenyooshwa na kupindishwa mpaka kichwa cha mfupa kikatoka kwenye tundu lake, karibu kila mara kwa upande wa mbele. Hakuna sponji iliyobandikwa juu ya bega inayoweza kuuzuia mkono usiende huko. Aliyeteguka na akalalamika kwamba kinga “imefeli” hakununua kitu kibovu. Alikitarajia kifanye kazi isiyo yake. Kinachosaidia hapo ni kujifunza kuanguka: kukunja mikono karibu na kifua, kujikunja kama mpira, kuacha mwili ubingirike badala ya kutanguliza kiganja. Mazoezi hayo hufanywa juu ya godoro, bila farasi, na yanafaa yarudiwe kila msimu.

Yupo msichana mmoja niliyemhudumia ukingoni mwa uwanja wa mazoezi. Farasi wake aligoma kwenye kiunzi cha urefu wa magoti, naye akaangukia bega la kushoto. Mtulinga ulikuwa umevunjika, ungeweza kuuona kwa macho chini ya ngozi. Kinga zake za mabega zilikuwa ndani ya gari, kwa kuwa viunzi vya siku ile vilikuwa vifupi. Siwezi kuapa kwamba zingeuokoa mfupa ule. Ninachojua ni kwamba urefu wa kiunzi haukuhusika kwa lolote na urefu alioanguka kutoka mgongoni mwa farasi. Tangu siku hiyo nikisikia “leo tunaruka vidogo tu”, huwa nasimama na kueleza upya.

Sasa ununuzi. Kiwango cha Ulaya EN 13158 kinahusu vizibao pamoja na kinga za mabega, na kina ngazi tatu. Ngazi ya 1 ni nyepesi na iliwekwa kwa kuwafikiria wapanda farasi wa mbio za kulipwa, ambao kila gramu wanaihesabu. Anayeruka achague ngazi ya 3. Tazama lebo iliyoshonwa ndani, si kadi iliyoning’inizwa kwa uzi, na hakikisha kinga za mabega zimetengenezwa na kampuni iliyotengeneza kizibao, kwa modeli hiyohiyo. Velkro ya kampuni moja kukutana na pedi ya kampuni nyingine si jambo la kubuni nyumbani: pedi huzunguka katikati ya anguko na kuliacha wazi eneo uliloinunulia.

Wapo pia wanaokuja kwenye meza ya ukaguzi na pedi za pikipiki au za raga. Naamini wanakuja kwa nia njema, wameona bega ni bega. Lakini pedi za viungo za waendesha pikipiki hupimwa kwa kiwango kingine, EN 1621-1, chenye hatari za barabarani akilini. Pedi za raga nazo zimewekewa mpaka na kanuni za mchezo wenyewe: zisizidi unene wa sentimita moja, zisimuumize mpinzani. Kitu kilichotengenezwa kiwe chembamba kwa ajili ya usalama wa mtu mwingine hakiwezi kupewa kazi ya kupokea anguko la kutoka juu ya farasi. Tunazirudisha, na tutaendelea kuzirudisha.

Kizibao cha hewa nacho kina maswali yake. Kina kamba iliyofungwa kwenye tandiko. Ukitupwa kamba inachomoa pini, mtungi mdogo wa kaboni dioksidi unatoboka, na kizibao kinajaa kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho mara mbili. Ni kifaa kizuri. Hata hivyo vingi hulinda shingo, mgongo na mbavu bila kufika kwenye ncha ya bega, kwa hiyo “nina cha hewa” si jibu la swali la mabega. Kwenye mbio za nyika huvaliwa juu ya kizibao cha kawaida, hakichukui nafasi yake. Na kabla ya kuvaa cha hewa juu ya kinga za mabega, soma maelekezo ya watengenezaji wote wawili, kwa sababu kinahitaji nafasi ya kutanukia. Kukivalia koti linalobana juu yake ni kuielekeza hewa ikubane mbavu.

Malalamiko kwamba kinga za mabega zinazuia mikono nayachukulia kwa uzito zaidi, kwa kuwa mara nyingi yana ukweli. Anayeruka lazima mikono yake imfuate farasi anaponyoosha shingo. Ukimvuta mdomo akiwa hewani umemwadhibu kwa kuruka, na safari ijayo atagoma. Lakini nikikagua nakuta tatizo karibu kila mara ni kizibao, si pedi. Kizibao kirefu mno hugonga nyuma ya tandiko, kinasukumwa juu, mabega yanapanda mpaka yanagusa helmeti, na lawama zinaangukia pedi. Ukingo wa chini, mtu akiwa amekaa, uwe juu ya tandiko kwa takriban upana wa kiganja. Mbele kishuke angalau milimita 25 chini ya mbavu ya mwisho. Kivae dakika chache kwanza, sponji ipate joto la mwili na kulainika, ndipo ukaze mikanda. Kisha kaa kwenye tandiko, simama kwenye vikuku, inama kama unayeruka, peleka mikono mpaka katikati ya shingo ya farasi, geuza kichwa kulia na kushoto. Pedi ikigusa helmeti au ikikurudisha mikono nyuma, usiruke nayo, na usiikate kwa mkasi. Badilisha saizi.

Baada ya anguko lolote, ikague sponji kwa vidole, kizibao na pedi pia. Mbonyeo wa kawaida hurudi wenyewe ndani ya nusu saa hivi. Shimo likibaki, eneo hilo halina tena uwezo wa kupokea kishindo na kipande hicho kibadilishwe, hata kama kitambaa cha juu hakina mchubuko. Hata bila anguko, sponji huzeeka. Hesabu miaka 3 hadi 5 kwa anayepanda mara kwa mara.

Mpanda farasi akianguka na akaushika mkono mmoja kwa mkono wa pili, asivuliwe kizibao kwa kupitishia kichwani. Mwacheni akae, fungueni zipu na mikanda mkianzia upande mzima, na mkono ulioumia ufungwe kifuani kwa kitambaa jinsi ulivyo, bila kunyooshwa. Vidole vikiwa baridi, vikifa ganzi au vikibadilika rangi, au akipumua kwa shida, apelekwe hospitali mara moja bila kusubiri mzunguko wa mashindano uishe. Akilalamika shingo, asisogezwe kabisa mpaka wahudumu wafike. Kizibao chake na kinga zake ziletwe kwenye meza ya ukaguzi pamoja na fomu ya ajali, pedi zikiwa bado zimeshikizwa jinsi zilivyokuwa alipoanguka, maana mahali zilipohamia hutuonyesha kama zilikuwa zimemkaa.